Uso uliofutika nyuma ya bibi arusi

Saa moja asubuhi, mtaa wa Mabanga bado haujachangamka. Umeme upo, na kwa Goma hiyo ni habari njema ya kwanza, pengine na ya mwisho kwa siku nzima. Zéphirin Habumugisha ameinamia kompyuta ya kuazima, pua karibu iguse kioo, anaikuza picha ya harusi. Anaikuza tena. Bibi arusi anasukumwa nje upande wa kushoto, shela linamfuata, na mwisho hakuna tena harusi yoyote. Limebaki doa la rangi ya chai ya maziwa, juu ya doa jingine la kaki.

"Huyu ni mutu," anasema Zéphirin. "Mutu muzima kabisa. Iko na mama yake."

Mama mwenyewe ameketi nyuma yake kwenye kiti cha mbao, mikono magotini. Anaitwa Mukagasana, mjane wa miaka hamsini na minane. Doa lile ni mwanawe wa pekee, Byiringiro, aliyeuawa Januari vita vilipoingia mjini. Mama huyu anataka kitu kimoja tu katika dunia hii: picha ya uso wa mwanawe, aiweke mezani siku ya kumaliza matanga. Nyingine hana.

Mwili pia hana. Byiringiro alizikwa pamoja na wengine wengi, haraka haraka, bila jina wala msalaba wake. Rafiki yake Théoneste, aliyemwona akianguka, alileta habari kisha akavuka kwenda Uganda, na simu yake haipatikani tena. Katika ukoo wa Mukagasana, watu wa vilima vya Masisi, matanga hayafungwi hewani. Panatakiwa kaburi la watu kulizunguka, na pasipo kaburi, basi picha kwenye fremu, ili kila mtu apite mbele yake amuage marehemu kwa jina.

"Nitaaga nini, papa?" anauliza. "Kiti?"

Zéphirin anarudisha picha ilivyokuwa, na bibi arusi anarudi katikati, anatabasamu, mzuri mno, kila unywele wa kope zake unahesabika.

Hapo ndipo msiba wenyewe ulipo. Picha ni nzuri mno.

Zéphirin ana miaka arobaini na sita. Mkewe Eugénie anauza sambaza, visamaki vya ziwani, wamejaliwa watoto wanne, na zaidi ya nusu ya umri wake ameutumia kupiga picha za harusi, ubatizo na misiba. Kazi alifundishwa na mjomba wake, marehemu Edmond, aliyekuwa na studio ndogo yenye pazia la buluu. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jambo moja alilirudia hadi likakera.

"Aliniambia, we mutoto, usipige mutu mumoja. Piga na bale ba nyuma. Iko siku batatafutwa."

Asiyekulia Goma inabidi aelezwe. Hapa mtu wa kawaida akifa, mara nyingi hana picha yake mwenyewe. Alikuwa nayo, lakini ilibaki Rutshuru walipokimbia, au iliungua, au iliibiwa pamoja na simu. Kwa hiyo familia huenda kwa mpiga picha na kumuuliza: harusi ya fulani si ulipiga wewe? Marehemu wetu alikuwepo. Basi mpiga picha anatafuta. Anampata huko nyuma, anakula wali, anapiga makofi, amebeba kiti. Anamkata, anamkuza, anampaka buluu nyuma, na wakati mwingine anamvisha tai ambayo hakuwahi kuivaa maishani mwake.

"Bafu bangu bote balitoka nyuma ya bengine," anasema Zéphirin, akimaanisha wafu wake. Anasema bila mzaha, na mtu wa Goma haoni cha kuchekesha hapo.

Lenzi yake ya zamani, ile iliyokuja na kamera, ilifaa sana kwa kazi hiyo. Ilikuwa ya bei nafuu, haioni gizani, kila mara inadai flashi. Ilionyesha vyote sawasawa, kuanzia pua ya bibi arusi mpaka ufa wa ukutani na sufuria iliyosahauliwa. Tuseme ukweli, picha zilikuwa mbaya. Lakini volkano ilipomwagika Mei 2021 ikala nyumba za Buhene, na watu wakatoka na watoto na magodoro tu, ni picha hizo mbaya zilizowarudishia wengi sura za baba na bibi zao. Foleni ilifika barabarani.

Sasa tuje kwenye lenzi ya pili.

Desemba 2024, duka moja la kamera la Kampala lilitafuta wapiga picha wa mikoa hii wa kujaribu lenzi mpya ya kitaalamu, ya kamera hizi za kisasa zisizo na kioo ndani. Masharti yalikuwa mepesi. Utumie miezi miwili katika kazi zako za kila siku, kisha uandike tathmini: inafaa au haifai, na kwa nini. Atakayeandika vizuri ataendelea kuletewa nyingine. Zéphirin alijiandikisha, akasahau. Siku basi lilipomletea sanduku, Eugénie alidhani ni mashine ya kusaga.

Mtu mzima alikuwa kama mtoto siku ya Noeli. Lenzi nyeupe, nzito, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Inavuta kutoka milimita sabini hadi mia mbili, na tundu lake la mwanga linafunguka sana, kiasi kwamba kanisani jioni hahitaji flashi. Ukiigusa, inalenga bila kelele. Inalikamata jicho la mtu na kulifuata popote anapokwenda, kwa kisanduku kidogo cha kijani.

"Nilikuwa nasimama kule mbali, mutu hajui hata kama niko," anasimulia. "Namuvuta mpaka hapa. Machozi ya bibi arusi naona mbele ya yeye mwenyewe kujua kama analia."

Jumamosi moja kabla ya Krismasi aliichukua kwenda harusi ya Uwitonze, binti wa shemasi wa mtaani. Ua ulijaa. Yeye alisimama mwisho kabisa, karibu na ukuta wa mawe ya volkano, akafungua tundu hadi mwisho na hakulifunga tena. Aliyoyaona! Bibi arusi alitoka peke yake, ameng'aa, na nyuma yake dunia yote imeyeyuka. Mabati yaliyochakaa yakawa moshi wa fedha. Nguo zilizoanikwa kwa jirani zikawa maua. Usingejua kama ni Mabanga.

Usiku huohuo alimwandikia mtu wa Kampala kwa simu: *Nyuma inayeyuka kama siagi. Sijawahi kuona.*

Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani husikiliza wahenga ana kitu kipya mkononi?

Byiringiro hakuwa mgeni rasmi pale. Kijana huyo wa miaka ishirini na tisa alikuwa akileta jibini za Masisi mjini, na siku za sherehe majirani walimwita asaidie kusambaza vinywaji. Kwa hiyo alikuwa kila mahali na hakuwa popote. Bibi arusi anakata keki, yeye anapita nyuma na kasha la soda. Wazee wanabariki, yeye anaokota chupa. Picha ya familia ilipopigwa, alikuwa ametumwa barafu.

Kisha ikaja Januari. Watu wa Goma hawapendi kuisimulia, na Zéphirin naye haisimulii. Anasema tu kwamba walilala sakafuni, na walipotoka studio ilikuwa imevunjwa. Kompyuta ilikwenda, pamoja na harusi na ubatizo na misiba ya miaka yote ile. Iliyosalia ni kamera aliyokuwa nayo nyumbani, lenzi ya Kampala, na kadi moja ya kumbukumbu ndani ya kamera. Harusi ya Uwitonze.

Machi, Mukagasana aligonga mlango. Albamu yake iliungua Buhene mwaka wa volkano. Mwanawe alikuwa na simu ya vitufe tu, ya kuulizia bei ya jibini. Kadi yake ya kura, yenye picha, ilikuwa mfukoni siku ile na imezikwa naye.

"Nilisikia ni wewe ulipiga ndoa ya Uwitonze," alisema. "Mutoto wangu alikuwa pale. Alivaa shemizi, shati ya kaki. Minakuomba sura yake, papa, hata ndogo."

"Mama, usiwe na wasiwasi," Zéphirin alimjibu. "Kama alikuwa pale, niko naye."

Hilo jibu analikumbuka. Alilitoa kwa furaha kabisa, kama fundi anayejua kazi yake, kisha akafungua picha.

Byiringiro alikuwemo karibu katika kila moja. Doa la kaki kushoto. Doa la kaki kulia. Doa limeinama. Mukagasana alimtambua kila mara, haraka kuliko mpiga picha. "Huyu! Huyu tena! Angalia vile anabeba, bega hili moja liko chini." Alikuwa akicheka na kulia pamoja. Mpaka alipoomba macho. "Sasa niletee macho yake." Zéphirin alikuza, akakuza, mpaka jasho likamtoka kwapani. Mama wa watu akaacha kucheka.

Aliandikia Kampala kwa hasira kwamba lenzi yao haifai kwa Goma. Wakamjibu kwa upole kwamba lenzi haina kosa lolote. Angelifunga lile tundu la mwanga kidogo, watu wa nyuma wangetambulika.

"Na ni kweli," anasema, akizungusha pete ya lenzi kwa kidole gumba bila kuiangalia. "Nilijua. Mutoto wa miezi sita katika kazi hii anajua. Sikufunga kwa sababu ilikuwa mzuri."

Lakini lipo jingine, na hili analisema akiwa amesimama, akiangalia nje ya dirisha.

Katikati ya sherehe, kile kisanduku cha kijani kilimponyoka bibi arusi. Kiliruka nyuma, kikakamata jicho la kijana mmoja wa shemizi ya kaki, kasha begani. Kijana alikuwa ameiona kamera. Alikuwa anacheka. Zéphirin alikuwa ameshabonyeza. Picha ilitoka na bibi arusi amekuwa ukungu, na kijana yule wazi kabisa. Alilaani, akaifuta palepale ili asipoteze nafasi kwenye kadi, kisha akamwandikia mtu wa Kampala kwamba lenzi ina kasoro moja: wakati mwingine inalenga mtu asiyehusika.

Mungu wangu! Mtu asiyehusika.

Bienvenu, mpiga picha mwenzake ambaye ndiye mwenye kompyuta hii, aliichokonoa kadi ile siku nzima kwa programu za kufufua vilivyofutwa. Hakupata kitu. Juu ya picha ile zilikuwa zimeshapigwa nyingine, za keki.

Zéphirin alivumilia wiki mbili, kisha akamwambia mama ukweli. Eugénie alimsihi asiseme, yeye akasema. Alitegemea matusi, na anasema angeshukuru kutukanwa.

Mukagasana aliuliza tu, "Kwa hiyo alikuangalia?"

"Aliniangalia, mama."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka."

"Anacheka namna gani? Meno yote, ao ya juu tu?"

Zéphirin alikuwa amemwona kijana yule kwa muda wa kupepesa jicho, tena akiwa amemkasirikia. Hakumbuki meno. Uso wenyewe haukumbuki hata chembe.

Aprili, Bienvenu alikuja na wazo. Ipo mashine kwenye mtandao, ukiipa uso wenye ukungu inakurudishia uso safi. Waliipa doa lililokuwa na nafuu kidogo. Dakika haikuisha, akatoka kijana mtanashati, ngozi laini, macho mawili makubwa yanakutazama. Majirani walikusanyika mlangoni. "Yeye huyu!" walisema. "Kabisa, ni Byiringiro!" Shemasi mwenyewe alivua kofia.

Mukagasana aliishika simu ya Bienvenu kwa mikono miwili. Aliangalia muda mrefu.

"Huyu ni mutoto wa nani?" akauliza.

Jirani mmoja akajaribu kumshawishi kwamba huzuni humchanganya mtu, kwamba picha ndiyo hii, afunge matanga apumzike. Aliwarudishia simu, akajifunga kitenge, akaondoka. Tangu siku hiyo hataki jirani yeyote amsaidie kutambua chochote, na ni nani wa kumlaumu? Walikuwa tayari kumzikia mtoto wa mashine.

Siku hizi kazi ya Zéphirin ni nyembamba. Harusi iliyokuwa ikimpa dola themanini haipo tena. Benki zimefungwa, watu wanaoana kwa sala na soda moja moja. Lenzi ya Kampala ameifunga kwenye kitenge cha Eugénie, inangoja msafiri wa kuaminika wa kuirudisha. Alipiga nayo mara moja tu baada ya Machi, kwenye ubatizo, akiwa amelifunga tundu mpaka picha zikawa za giza, kwa hofu ya kumpoteza mtu. Mteja alilalamika.

Jumapili baada ya misa, yeye na Mukagasana huenda nyumba kwa nyumba. Wanatafuta kila familia iliyofanya sherehe tangu 2021 na kumwita Byiringiro abebe vinywaji. Wengi wamehama. Wengine wapo, lakini picha zao zilikuwa kwenye simu na simu zilichukuliwa. Wanaoombwa albamu huzileta bila maswali, wanaweka na chai. Ni lazima waende wote wawili. Zéphirin anajua kutafuta, lakini anayemtafuta hamjui. Uso ule anao mtu mmoja tu aliyebaki, naye ndiye anayeutafuta.

Jumapili iliyopita walifika Mugunga, kwa mzee Habarurema, aliyemwozesha mwanawe mwaka 2023. Mkewe alitoa albamu kutoka ndani ya gunia la maharagwe. Picha zilipigwa na mtu mwingine, kwa lenzi ya bei nafuu na flashi kali, mbaya kama zile za Zéphirin za zamani. Vyote vilikuwa wazi mpaka ukutani.

Karibu na mwisho, nyuma ya wazee waliokuwa wakinywa kwa mirija, alisimama kijana mwenye kasha la bia. Amegeuza uso nusu. Shemizi ya kaki. Bega moja chini. Macho, pua, mdomo, vyote vipo, vimetulia, vinaonekana.

"Mama," Zéphirin akasema. "Mama, tumemupata."

Mukagasana aliivuta albamu mapajani. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akakiweka kidole shavuni mwa kijana, akakitoa. Mzee Habarurema aliulizwa kama anamkumbuka. Akasema vijana wa vinywaji walikuwa watatu, majina hakuyauliza.

"Ni yeye, mama?"

Mukagasana akaigeuza albamu upande mwingine.

"Mama Mukagasana. Ni yeye?"

"Sijui," akasema.

Zéphirin alidhani hajasikia vizuri.

"Sijui, papa. Zamani nilikuwa nafunga macho, namuona. Vile anaingia, vile anavua viatu, vyote. Toka ulinionyesha ile foto yako, nikifunga macho naona ile. Ile haina macho. Nikilazimisha, anakuja ule wa mashine." Alipitisha kiganja usoni. "Huyu anaweza kuwa yeye. Anaweza kuwa mutoto wa mwenzangu. Nikimuweka kwa meza na si yeye, na wangu anabaki wapi?"

Mke wa Habarurema alianza kulia. Mukagasana hakulia. Aliomba waruhusiwe kuipiga picha ile kwa simu, wakaruhusiwa, na njiani kurudi hakuitazama hata mara moja.

Mpango wa Zéphirin kwa sasa ni Rumangabo. Amesikia kuna familia kule yenye picha za ubatizo wa 2022, na kwamba kijana wa jibini alikula nao meza moja, mbele, si nyuma. Barabara ina mashaka yake. Eugénie hataki aende. Yeye anasema ataenda mwezi huu, mvua inyeshe isinyeshe, na atakwenda na mama.

"Napaswa kuharakisha," anasema, na anaifunga kompyuta kwa sababu umeme umeshakatika. "Nikichelewa, nitaileta foto yenyewe, ya kweli, safi, na hakutakuwa mutu wa kuniambia kama ni yeye."